Sekunde Tatu za Rudy Sabol

Emil Hruska aliharibu barafu Jumanne asubuhi, na Kettle Run nzima ikajua kwamba mzee ana jambo. Kwa miaka thelathini na mitatu ndiye anayeendesha ile mashine ya uwanjani, ile inayokwangua barafu na kuimwagia maji moto ili igande laini, na kwa muda wote huo hajawahi kuacha mkwaruzo unaozidi ukucha. Jumanne hiyo aliisimamisha katikati ya uwanja, maji yakaendelea kumwagika pale pale, yakachimba bonde la kutosha kuogeshea mtoto. Wachezaji walipotoka chumbani na viatu vyao vya kuteleza walilitazama bonde, wakamtazama na yeye.

"Mzee Emil, leo tunacheza hoki au tunafuga samaki?" mmoja aliuliza.

Emil aliitoa mashine uwanjani. Kilichomgandisha ni Gus Tarantelli, meneja wa uwanja, aliyekuwa ameegemea ubao wa pembeni na kumpigia kelele ili sauti ipite ngurumo ya mashine.

"Wameisafisha ile filamu," Gus alikuwa amesema. "Wenyewe huko California wameiosha picha moja moja, miezi minane. Nimeona kipande kwenye kompyuta. Bwana we, unahesabu mpaka nywele za pua. Mwaka huu tunaonyesha hiyo. Ile kuukuu inakwenda jalalani."

"Watu wote wanaonekana?" Emil aliuliza.

"Watu wote. Ndiyo maana ya kusafisha."

Basi tangu hapo mzee akaanza kuhesabu siku. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja.

Mjini kwetu ukisema "ile filamu" hakuna anayeuliza ipi. Ina jina lake, *Kipa Haoni*, na ilipigwa hapa hapa majira ya baridi ya mwaka sabini na saba. Ni kichekesho cha hoki ya barafuni: timu ya kiwanda cha bia kinachokaribia kufungwa inaokota kipa asiyeona mbele ya pua yake, tena mwenye maringo ya kukataa miwani. Ilipotoka, waandishi wa New York waliiponda, na kwenye majumba ya sinema haikumaliza mwezi. Kisha ikaanza kutembea yenyewe. Wachezaji waliibeba kwenye mabasi ya safari, wakaikariri, wakafundishana. Leo ukimkuta mtu mwenye pengo kwenye baa ya Minnesota au Kanada, mwulize tu, "Samahani, goli liko upande gani?" na atakununulia bia.

Wataalamu wamekuja na vinasa sauti kutuuliza siri yake. Siri yenyewe ni kwamba mle ndani hakuna anayeboreka. Timu inaanza mbovu na inamaliza mbovu. Wanapigana ngumi, wanaanguka, wanaamka, wanaanguka tena, na bado wanaupenda mchezo wao kipumbavu kabisa. Siri nyingine ni majukwaa. Wale wanaocheka nyuma si waigizaji. Ni sisi, watu wa kiwanda cha chuma kabla hakijafungwa, tumelipwa mkate wa soseji na kahawa, tunacheka kwa meno yetu wenyewe au kwa mapengo yetu wenyewe. Nusu yetu sasa tuko makaburini juu ya kilima, lakini kila Februari tunarudi kucheka.

Maana tuna desturi. Jumamosi moja ya Februari, saa kumi jioni, skrini inatundikwa upande mmoja wa uwanja, na kila aliyekuwa jukwaani mwaka ule anakuja na nguo zile zile na kukaa kiti kile kile. Desturi hiyo tuliirithi kwa watu wa filamu. Walipiga picha kwa wiki mbili, lakini mchezo wa Jumatatu na wa Ijumaa ulipaswa kuonekana kama mchezo mmoja, kwa hiyo walikuwa na mama mmoja mkali mwenye kamera inayotoa picha papo hapo, anapita safu kwa safu kukagua. Ole wako uhame kiti au ubadili skafu. Sasa mtu akifa, kiti chake kinakaliwa na mtu wa kwake, na ole wako ukikalie wewe.

Safu ya tisa, kiti cha kumi na nne, ni cha Rudy Sabol. Anakikalia mjane wake, Verna. Kiti cha kumi na tano ni cha Emil, aliyekuwa rafiki wa Rudy tangu wakiwa watoto wa kugombania gongo moja la hoki. Kila mwaka wawili hao wanakaa bega kwa bega, na kila mwaka, filamu ikifika dakika ya hamsini na mbili, Verna anamshika Emil mkono wa koti na kusema kwa sauti ndogo, "Haya, huyo anakuja."

Ni ile sehemu ambayo imewavunja watu mbavu toka Alaska mpaka Finland. Kipa amepiga magoti, amefumba macho, anasali. Mpinzani anapiga kile kisahani cheusi cha mpira, na kisahani kinaingia ndani ya suruali ya kipa. Hakuna aliyekiona. Mwamuzi anakitafuta, timu zote mbili zinakitafuta, na kipa mwenyewe, mtu wa watu, anashuka kwa mikono na magoti kuwasaidia kutafuta. Kamera inageuka kwenye majukwaa, inapita kwenye nyuso, inatua kwa mtu mmoja mwenye kofia ya kuwindia ya rangi ya chungwa na masharubu. Mtu huyo amerusha kichwa nyuma, kinywa wazi, mabega yanatikisika kwa kicheko. Sekunde tatu. Kisha tunarudi kwenye suruali.

Huyo ndiye Rudy. Mji mzima unajua. Picha nyingine za Rudy hazipo, maana mafuriko ya Julai ya mwaka ule ule yaliingia kwenye chumba cha chini cha Verna na kuchukua sanduku zima. Imebaki ya arusi tu, na katika hiyo Rudy amebana midomo kama mtu aliyeambiwa abebe maji mdomoni.

Kwa hiyo mwelewe Emil Hruska. Mtu wa kofia ya chungwa si Rudy. Ni yeye.

Ilikuwa hivi. Mwaka ule wa sabini na saba, Jumatano, Rudy alikaa kiti cha kumi na nne na Emil cha kumi na tano, wakacheka walipoambiwa, wakala soseji zao. Rudy aliposhushwa nyumbani alisahau kofia yake ndani ya gari la Emil. Alhamisi, zamu ya mchana, mnyororo wa winchi ulikatika kiwandani na Rudy akawa chini yake. Ijumaa jioni Emil alijikuta uwanjani. Hakujua amefikaje. Nyumbani kuta zilikuwa zinamsogelea, na miguu ilizoea njia ile. Yule mama wa kamera alikuwa na picha ya Jumatano mkononi, anatazama kiti kitupu na kuhangaika, maana Ijumaa hiyo kamera ilikuwa inalenga safu ya tisa.

"Wewe una masharubu," alimwambia Emil. "Koti lako ni hilo hilo la miraba kama lake. Na hiyo kofia umeishika, ivae. Hamia hapo." Kwenye kiti cha Emil wakamkalisha fundi wao wa taa.

Emil alivaa kofia ya mtu ambaye hata hajazikwa, akakaa kwenye kiti chake. Wakaambiwa wacheke. Walirudia mara kumi na moja, na Emil akafanya alivyoagizwa.

Filamu ilipotoka vuli ile, Verna alikwenda na Emil kuiona kwenye sinema ya mtaa mkuu, mtoto wa miezi minne amempakata. Diane alizaliwa Juni. Baba yake hakumwona. Picha ilipofika pale Verna aliushika mkono wa Emil kwa nguvu mpaka ukafa ganzi.

"Emil. Yule si Rudy?"

Emil alimtazama mwanamke yule. Tangu Februari hakuwa amemwona na uso wenye nuru namna ile.

"Ndiye," akasema.

Alikusudia kusahihisha kesho yake. Mtu yeyote mwenye akili angesahihisha kesho yake. Lakini kesho Verna alikuwa ameshawaambia dada zake, keshokutwa padri, mwisho wa wiki walikuwa wanakwenda sinema watu ishirini pamoja. Kesho ya Emil imechukua miaka arobaini na miwili. Ile nakala kuukuu ilimsaidia: ilikuwa na giza, ina michirizi kama mvua, na kila mwaka ilizidi kuchakaa. Kila mwaka Emil alipumua kidogo.

Sasa wameiosha.

Siku ya kwanza alimwendea Gus ofisini, kofia mkononi.

"Ile kuukuu ina joto lake, Gus. Watu wameizoea."

"Ina joto kwa sababu inakaribia kuungua. Una nini wewe? Unaogopa vijana waone ulikuwa na nywele?"

"Siogopi kitu."

"Basi kalainishe barafu. Na safari hii usituchimbie kisima."

Siku ya nne alimpigia simu Verna. Alikuwa amejipanga kumshawishi aende kwa Diane, Ohio, akapumzike. Verna hakumpa nafasi hata ya kusalimia.

"Nilikuwa nakupigia," alisema. "Tessa anakuja. Amechukua ruhusa chuoni kabisa. Nimemwambia mjukuu wangu, siku zote umemwona babu yako kama mtu anayepita nyuma ya pazia la bafu. Mwaka huu utamwona uso. Emil? Upo?"

"Nipo."

"Mbona unapumua hivyo? Umeonana na daktari?"

Siku ya nane alikwenda chumba cha mitambo, kule zinakonguruma mashine zinazoigandisha sakafu ya uwanja. Alisimama mbele ya swichi kubwa. Akiizima usiku mmoja tu, barafu inakuwa tope, uwanja unafungwa kwa usalama, filamu inaahirishwa. Aliweka kidole juu yake. Alikaa hivyo muda mrefu, jasho likimtoka ndani ya chumba ambacho hata panya wanatetemeka kwa baridi. Lakini mtu aliyeilea barafu miaka thelathini na mitatu hawezi kuiua kwa mkono wake, na hata akiweza, Gus angeonyesha Jumamosi nyingine. Aliondoa kidole, akajiona mjinga na mwoga kwa pamoja.

Siku tatu zilizobaki hakupata lepe la usingizi. Akipita mbele ya nyumba ya Verna anaongeza mwendo. Alijaribu kujiambia kwamba mama wa miaka sitini na sita macho yake si yale, huenda asitambue. Kisha anajicheka: Verna huyo anaweza kuona doa kwenye kola ya mtu akiwa upande wa pili wa kanisa.

Asubuhi ya Jumamosi yenyewe alipiga moyo konde akaenda kubisha hodi kwa mlango wa jikoni. Verna alikuwa mezani, unga mpaka viwikoni, anafunga pirohi: anaweka tonge la viazi na jibini katikati ya duara la unga, anakunja, anabana kingo kwa vidole. Alikuwa ameshafunga za kulisha jeshi.

"Ingia, baridi inaingia na wewe. Tessa anafika na basi la saa sita. Kaa, kuna za jana kwenye kikaango."

"Verna, nina neno."

"Kama ni mgongo wako, nimeshalisikia hilo neno."

"Si mgongo." Emil hakukaa. "Yule wa kwenye filamu. Mwenye kofia ya chungwa. Si Rudy. Ni mimi."

Verna alibana pirohi moja, akaiweka kwenye sinia, akachukua nyingine. "Umeanza kuzeeka vibaya," alisema.

"Sehemu ile waliipiga Ijumaa. Kofia ilibaki kwenye gari langu. Wakaniambia nivae nikae mahali pake."

Mikono ya Verna ilisimama. Alimtazama usoni, na Emil akaona anavyohesabu siku kichwani: Jumatano, Alhamisi, Ijumaa.

"Ijumaa," Verna alisema. "Ijumaa Rudy alikuwa kwa mzika maiti, juu ya meza. Mimi nimekaa kwenye ngazi pale, unaziona zile, nashindwa kupanda kwenda kulala peke yangu. Na wewe ulikwenda kwenye filamu."

"Nilikwenda."

"Kucheka."

"Walituambia tucheke."

"Nakuuliza wewe, sikuulizi wao. Ulicheka?"

"Nilicheka," Emil alisema. Hilo ndilo lililokuwa limemkaa rohoni kuliko hata uongo. Uongo alikuwa na sababu yake, ukimbana angekueleza. Lakini kwamba alifungua kinywa akacheka, mara kumi na moja, kwa kofia ya maiti na malipo ya soseji, hilo hakuwa na la kusema.

Verna aliifuta mikono kwa aproni, kidole kimoja kimoja.

"Unajua kwa nini naipenda ile picha? Kila mtu anadhani ni kwa sababu naona mume wangu. Mume wangu namwona nikifumba macho. Rudy alikuwa anaona aibu na meno yake. Kisahani kilimng'oa mawili ya mbele ana miaka kumi na tisa. Miaka minne ya ndoa, akicheka anaziba mdomo kwa mkono, hata na mimi, hata gizani. Nikamwona pale kinywa wazi, kichwa nyuma, mkono hauko. Nikasema, angalau siku ya mwisho alisahau. Alicheka mara moja kama watu wengine." Sauti yake haikupanda. "Nimeishi na hilo, Emil. Lilikuwa linanitosha."

"Najua."

"Hujui. Nenda. Nina pirohi za kufunga."

Emil alitoka. Njiani kuelekea uwanjani alikumbuka kwamba kweli, Rudy alikuwa akiziba mdomo. Miaka yote hiyo hakuwahi kuliwaza, na Verna hakuwahi kulisema. Alikwenda akalainisha barafu mara mbili ingawa siku hiyo hakuna mtu wa kuikanyaga.

Saa kumi majukwaa yalikuwa yamejaa mpaka ngazini. Makoti ya miraba, skafu za sabini na saba, wajukuu waliovaa kofia za babu zao zinazowafunika macho, karanga zinaruka kila upande. Watu walikuwa wamekuja na mabasi kutoka majimbo mengine. Emil alisimama chini, kwenye lango la mashine yake, gizani, akiwa ameamua kwamba huko ndiko atakakokaa. Verna alikuwa juu kwenye kiti cha kumi na nne, amenyooka kama amemeza fimbo. Kiti cha kumi na tano kilikuwa wazi kama pengo.

Baadaye kidogo Tessa akashuka ngazi. Ni msichana mrefu, wa miaka kumi na tisa, mwenye paji la uso la Sabol.

"Mjomba Emil, Bibi anasema uje ukae. Anasema kiti kikibaki wazi watu wataanza kuuliza, na yeye leo hana hamu ya kujibu mtu."

"Amesema hivyo tu?"

"Amesema na maneno mengine, lakini hayo hakunituma."

Alipanda. Alikaa. Verna hakugeuka, na bega lake, lile lililozoea kumgusa, lilisogea kiasi cha kupitisha kiganja.

Filamu ilianza, na haikuwa ile tunayoijua. Rangi zilikuwa kama za jana. Chupa za bia zilikuwa na majina, wachezaji walikuwa na vipele. Watu walipiga kelele wakijiona, wakataja majina ya waliokufa, wakasema maneno ya filamu kabla waigizaji hawajayasema, na kipa alipouliza goli liko upande gani sauti elfu mbili zilimjibu kwa pamoja. Emil hakusikia hata moja. Alikuwa anatazama saa. Dakika ya arobaini. Arobaini na sita. Alifikiria kutoka kwenda msalani, akabaki kitini. Arobaini na tisa. Pembeni yake Verna alikuwa amekunja mikono kifuani, na Tessa upande wa pili alikuwa amejiinamia mbele, anasubiri uso wa babu yake. Kumbe Verna hakumwambia kitu.

Kipa akapiga magoti. Kisahani kikaingia suruali. Uwanja mzima ukaanza kutikisika. Mwamuzi akatafuta, timu zikatafuta, kipa akashuka kusaidia, na watu waliokwisha kuona mambo hayo mara arobaini walikuwa wanapigana mabega na kushika mbavu. Verna hakushika mkono wa mtu. Kamera ikageuka, ikapita kwenye nyuso, ikatua.

Alikuwa Emil, mkubwa kama nyumba. Hata kipofu angemtambua: pua ile, kovu lile la nyusi.

"Emil, kumbe ni wewe," mtu mmoja wa nyuma alipaza sauti akicheka, na kicheko chake kikaishia njiani.

Maana sasa ilionekana yote. Kushoto kwake na kulia kwake watu wanacheka, machozi ya kicheko yanawatoka, na katikati yao kijana mwenye kofia ya chungwa amerusha kichwa nyuma na kinywa wazi, na hacheki. Macho yamefumbwa kwa nguvu. Uso umelowa wote, mpaka masharubu yanang'aa, kamasi zinateremka, mdomo wa chini umepinda kama wa mtoto aliyeachwa sokoni. Mabega yale ambayo dunia nzima imeyaona yakitikisika kwa kicheko yalikuwa yanatikisika kwa kwikwi. Mvua ya nakala kuukuu na giza lake ndivyo vilivyomfanya acheke miaka arobaini na miwili.

Sekunde tatu. Kisha tukarudi kwenye suruali ya kipa, na wengi wakaendelea kucheka kwa sababu hawakujua kitu, na wengine, wale wenye umri, hawakuendelea.

Emil alikuwa amekaa kinywa wazi. Hakukumbuka. Angeapa mbele ya padri kwamba alicheka. Alikumbuka kuambiwa acheke, akakumbuka kufungua kinywa na sauti kubwa kutoka, na kwa kuwa walitaka kicheko na hakuna aliyemkemea, aliamini kilichotoka kilikuwa kicheko. Amejichukia kwa sauti ile maisha yake yote. Alihisi kitu kinamwachia kifuani na akaogopa kwamba atapiga yowe mbele za watu.

Tessa alimgeukia bibi yake. "Bibi? Huyo ndiye babu?"

Verna alikuwa bado anatazama skrini ingawa uso ule ulikwisha kupita, na kidevu chake kilikuwa kinacheza. Bega lake lilikuwa limerudi, limeegemea koti la miraba la Emil kwa uzito wake wote.

"Hapana," alisema. "Huyo ni mjomba wako Emil. Babu yako alikuwa amekufa jana yake. Mwakani umtazame vizuri, anapita haraka."

Emil alifungua kinywa aseme neno.

"Nyamaza," Verna alimwambia. "Watu wanatazama filamu."